Sweta la Chupa

3 Februari

Wifi yangu,

Habari za siku? Nimeamua kuandika, maana kwenye simu mimi na wewe tunaishia kulia, halafu kila mmoja anasingizia mtandao.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine. Unakumbuka siku kaka alipotolewa ile tezi ya shingoni? Ulikuwa umekaa upande wa miguuni pake, unamfumia kofia. Daktari akamwuliza kama anakubali kipande kibaki kwa ajili ya utafiti. Akajibu, "Chukueni. Ila kipelekwe kwenye maabara ya mdogo wangu. Kama ni kuchunguzwa, bora nichunguzwe na mtu anayezijua tabia zangu." Ukamwambia aache mzaha, akasema hafanyi mzaha.

Kipande kilifika kweli. Tukatoa seli, tukaziweka kwenye chupa bapa yenye maji ya chakula, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Seli nyingi tunazoletewa hazidumu. Tunazipokea, tunazihudumia, zinakufa. Za kaka hazijafa. Wifi, tulimzika kabla ya mvua za mwaka jana, na chupa yake bado iko hai. Kwenye kibandiko pana namba tu, lakini mimi naiita Kofuli, kama kiwanda kizima cha sabuni kilivyomwita miaka yote aliyokuwa bawabu wao.

Sasa Profesa, mkuu wetu wa maabara, anataka kuijaribia dawa. Ikifanya kazi, seli zote zitakufa. Kaka alisharuhusu, hatulazimiki kumwuliza mtu. Lakini nimeomba nikuulize wewe, na Profesa amekubali kungoja.

Niambie.

Wifi yako,
Darubini


12 Februari

Wifi Darubini,

Barua yako nimeianza nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Jirani akachungulia akauliza kulikoni. Nikamwambia nyuzi zimenikatikia.

Yaani yu hai? Najua utasema siyo hivyo. Mimi nimesoma kiasi cha kusoma barua na kuhesabu mishono, hayo ya seli ni yako. Lakini umeandika kwa mkono wako: iko hai. Umeandika kwamba inakula. Sasa mtu anayekula nitamwita nani?

Nijibu haya. Kabatini mna giza? Je, huwa anatikisika mkimtoa? Anaumia? Anajua kwamba ni wewe?

Koti lake bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Watu wamenishauri nilitoe. Kila ninapofungua mlango, linageuka kidogo, kama mtu anayepisha. Sikulitoa kwa sababu nilikuwa sijui ninangoja nini. Leo nimejua.

Usimuue, wifi. Mwambie Profesa nimesema hapana, kwa heshima zote.

Nimefumua lile sweta lake la kijivu, lililotoboka kiwiko. Uzi bado mzuri, nimeufua na kuuning'iniza na uzito ili unyooke. Nitumie vipimo vya chupa.

Wifi yako,
Mama Sweta


20 Februari

Wifi,

Vipimo vyenyewe: fikiria pakiti ya biskuti iliyolazwa, halafu ina shingo fupi iliyopinda kuelekea juu, na kifuniko chekundu. Chini ni bapa kabisa, maana seli hulala hapo. Hazitikisiki. Kabatini mna giza, ndiyo, lakini mna joto na unyevu, na mlango haufunguliwi ovyo.

Haumii. Hilo usiwe na wasiwasi nalo hata kidogo.

Profesa nimemwambia. Alifuta miwani, akasema, "Haya, tungoje." Hakufurahi, lakini ni muungwana.

Mimi niko salama. Kazi nyingi. Jumapili nilipita kumlisha.

Darubini


2 Machi

Wifi Darubini,

Kifurushi hiki kina sweta la Kofuli. Usicheke. Shingo nimeiachia upande mmoja kwa sababu ulisema imepinda, na chini nimefunga mishono miwili miwili lisifumuke. Nimeweka na kifungo, kile cha pembe kilichobaki kwenye sweta lake.

Nilipokuwa nafuma nilikumbuka zile glavu. Ulishahama, hukuziona. Alilalamika kwamba pale getini asubuhi vidole vinaganda. Nami sipendi kufuma vidole, wifi. Ni kazi ya kuudhi, kila kidole mwanzo mpya na mwisho mpya. Nikamfumia za mfuko, kidole gumba peke yake na vingine vyote nyumba moja. Akaja jioni ananiambia, "Mama Sweta, zina joto kama mkate. Ila siwezi kushika ufunguo." Kila lori likija ilibidi azivue kwa meno. Wafanyakazi wakawa wanamwita Kofuli Mla Sufi. Hakuniambia nimfumie nyingine. Alizivaa hivyo hivyo mpaka zikaisha, na mimi kila mwaka nikasema mwaka huu nitafuma vidole.

Wifi, nilikuwa na furaha siku zile za kufuma. Sasa nimemaliza, furaha imepungua, na kuna jambo linanikera. Nilipokuwa najua amekufa, nilikuwa na huzuni lakini nilijua yuko wapi. Sasa sijui. Najiuliza kama amepumzika. Mtu ambaye nusu yake iko udongoni na nusu iko kabatini anakula, anapumzika vipi? Juzi nilipita makaburini nikasimama pale, nikajikuta sina la kumwambia, kana kwamba nimebisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hayupo.

Sitaki afe. Na sitaki asipumzike. Wewe ndiye uliyesoma, nitoe hapa.

Mama Sweta


14 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Sweta limefika. Linakaa sawasawa, hata shingo. Maabara nzima walikuja kuliangalia. Profesa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akaniuliza pembeni, "Huyu mama anajua kwamba hizo ni seli za namna gani?"

Nikajifanya natafuta kalamu. Basi ngoja nikupe wewe jibu nililomkosesha yeye. Soma polepole, na chai iwe karibu.

Kila seli ya mwili ina vyumba vidogo vya kutengeneza nguvu. Sisi tunaviita mitokondria. Wewe viite majiko. Ukuta wa jiko una protini za kambi mbili. Kambi moja ni washikaji, kazi yao ni kuulinda ukuta usitoboke. Kambi nyingine ni watoboaji. Seli ikiwa nzima, washikaji wanawakamata watoboaji mikono, maisha yanaendelea. Seli ikichakaa au ikiharibika, watoboaji wanaachiwa. Ukuta unapata matundu, na ndani kunatoka kibarua mmoja mdogo. Akiwa jikoni ni kibarua tu, anasaidia kutengeneza nguvu kama wenzake. Akionekana nje ya jiko, seli nzima inaelewa kwamba muda umefika. Hapo inaanza kujikata yenyewe, kwa utaratibu, inajifunga vifurushi vidogo, na seli za jirani zinavimeza na kutumia tena vilivyomo.

Ni kama wewe na sweta la kijivu. Ungelichana kwa mkasi ungepata takataka. Umelifumua, ukapata uzi.

Hilo si ugonjwa, wifi. Ndiyo uzima wenyewe. Linatokea mwilini mwako sasa hivi, unaposoma, na hujui. Tumboni mwa mama, mkono wa mtoto huanza kama mwiko. Seli zilizo katikati ya vidole hufa namna hiyo, ndipo vidole vinaachana.

Sasa ugonjwa wa kaka. Seli za zile tezi zake zilitengeneza washikaji wengi kupita kiasi. Watoboaji wakafungwa mikono wote. Seli ambazo zilipaswa kuaga na kwenda zikabaki. Zikaja nyingine, nazo zikabaki. Ule uvimbe wa shingo uliokuwa unaukanda kwa maji ya moto zilikuwa ni hizo, seli ambazo hazikubali kuondoka.

Wifi, ndizo zilizo kwenye chupa. Zimedumu kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuandikia "seli za kaka" na si uongo, lakini ni seli zilizomwua kaka.

Dawa ya Profesa inaingia kwenye kiganja cha mshikaji na kukijaza, asiwe na nafasi ya kumkamata mtoboaji. Ni dawa ambayo kuna wagonjwa inawasaidia na wengine haiwasaidii, naye anatafuta sababu.

Ningekwambia mwanzoni. Nilikuwa najua vizuri nilicho nacho kabatini, na bado kila Jumapili nilikuwa nafungua ule mlango na kusema, "Kaka, kula." Ulipoandika "usimuue," nilishukuru.

Nisamehe.

Darubini


21 Machi

Wifi,

Yaani nimemfumia sweta muuaji wa mume wangu. Na kifungo nikamwekea.

Mama Sweta


23 Machi

Wifi,

Ile barua ya juzi niliitia posta kabla hasira haijapoa. Nilitaka kuirudia, yule wa dirishani akaniambia ikishaingia sandukuni si yangu tena. Ipuuze. Hapana, usiipuuze, nilikuwa na haki. Miezi yote nilikanda ule uvimbe nikiubembeleza, halafu tena niuvike sufi! Nilipiga kelele peke yangu humu ndani. Halafu nikaona sura ya Kofuli kama ningemsimulia. Angejishika mbavu. Angesema, "Mke wangu mimi, hata adui hamwachi apigwe na baridi." Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka jirani akaja tena. Safari hii nilimweleza yote. Ameondoka anatikisa kichwa.

Sasa nina neno. Nimewafikiria sana hao washikaji wako. Kwanza nilisema, kumbe ni mabawabu, basi ni wa kabila la mume wangu, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni. Nikaumia. Lakini nikakumbuka siku moja pale kiwandani. Kulikuwa na mzigo mkubwa wa sabuni wa kumalizia, meneja akamwamuru asifungue geti saa ya kutoka, watu wabaki mpaka mzigo uishe. Kengele ikalia. Kofuli akafungua mabati yote mawili ya geti, akasimama pembeni na kofia mkononi, watu wakatoka. Meneja akaja mbio, "Nimekwambia nini?" Akamjibu, "Bosi, bawabu asiyejua kufungua ni ukuta." Nusura wamfukuze kazi. Aliporudi nyumbani alikula kidogo, akalala.

Basi hao wa kwenye chupa si mabawabu. Ni kuta. Mume wangu hayumo humo, wifi. Angekuwemo angefungua zamani.

Umeona? Umeniandikia kurasa nyingi za elimu, na zote nimeshika, hasa ile ya mwiko. Lakini kilichonitua mzigo ni hicho. Hayumo. Yuko kule nilikomwacha, na mimi ndiye niliyekuwa nimeacha kubisha hodi.

Mwambie Profesa ndiyo. Ila nina masharti. Fanya wewe, usimwachie mgeni. Na ulivue lile sweta kwanza, sitaki uzi wa mume wangu uwepo hapo.

Mama Sweta

Nilitaka kufunga bahasha, nimefungua tena. Je, dawa hiyo ingemwokoa? Kama jibu litaniumiza, andika tu.


9 Aprili

Wifi yangu,

Imekwisha, tangu jana. Nimekaa kwenye benchi nje ya maabara, pana jua, na mikono yangu imetulia. Nakuandikia kabla sijaingia ndani.

Nilifanya mwenyewe. Profesa alisimama nyuma yangu, akanishikia kalamu kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Nilitia dawa asubuhi, tukarudisha chupa kabatini, nikaenda kuosha vyombo vya watu wote, hata visivyo vyangu. Mchana tukaitoa, nikainama kwenye darubini.

Mwanzo sikuona kitu. Zilikuwa zimelala vilevile, duara, zinang'aa, ndivyo nilivyozizoea. Nikasema moyoni, hawa nao wamekaidi mpaka mwisho. Kisha Profesa akasema, "Tazama kona ile." Moja ilikuwa imenywea. Juu yake vikatoka vibonge, kama maji ya ugali yanapoanza kuchemka, vikajikata, vikawa vifurushi. Halafu ya jirani. Halafu nyingi. Hakuna iliyopasuka, wifi. Hakuna iliyomwaga uchafu. Majiko yalifunguka, kibarua akatoka, kila kitu kikafuata zamu yake. Mpaka wakati wa kufunga maabara chupa nzima ilikuwa vifurushi vitupu.

Mwilini, majirani wangekuja kuvimeza. Chupani hakuna jirani. Basi nikawa jirani mimi. Nimesafisha, nimeosha, nimefuta namba.

Nilidhani nitalia. Nilishusha pumzi, tena kwa sauti, mpaka Profesa akageuka. Nilikuwa sijui kwamba nimeibana tangu mazishi.

Uliuliza kama ingemwokoa. Sijui, na sitakudanganya tena hata kwa kunyamaza. Chupa si mtu. Kwa mtu dawa hupita ini, damu, homa, mambo mengi. Ninachojua ni kwamba wakati wa kaka hospitali yenu haikuwa nayo, hakuna aliyeificha, na wewe hakuna mlango ulioacha kuubisha. Ugonjwa ule ulianza miaka mingi kabla ya shingo kuvimba. Maji yako ya moto hayakuongeza kitu. Yalimpa raha, aliniambia.

Sasa la sweta. Ungeniuliza vizuri ningekwambia mapema. Halikuwahi kumgusa muuaji. Kitu cha sufi hakiruhusiwi kabatini, kingetuletea ukungu chupa zote. Nilitafuta chupa safi, tupu, haijawahi kutiwa kitu, nikaivalisha, ikakaa mezani kwangu juu ya mafaili. Wageni wote wanaoingia wanaisalimu kwanza.

Nakurudishia. Kifungo kipo.

Darubini


27 Aprili

Wifi Darubini,

Chupa tupu! Unaniacha naumwa kichwa wiki nzima, kumbe sweta limevaliwa na hewa. Ningekuwa karibu ningekufinya. Ndiyo maana kaka yako alikuita jina hilo, unaona vya mbali, vya karibu unaviacha hapo hapo.

Nimesoma barua yako mara ngapi sijui. Ile ya kushusha pumzi nimeisoma kwa sauti, nami nikashusha yangu. Jirani hakuja. Ameshazoea.

Jumamosi nilikwenda makaburini. Nilikuta nina mengi ya kusema. Nilimweleza habari zote, majiko, kuta, vifurushi. Nikamwambia, zimeondoka, nawe tulia. Nikang'oa magugu, nikarudi kwa miguu, nikala chakula chote nilichokuwa nimepika. Zamani watu wakisema kufa kufaana nilidhani ni neno la watu wenye tamaa. Sasa nimelipatia mahali pazuri pa kulitumia.

Koti nimelitoa. Kiwandani wana bawabu mpya, mwembamba, linamzidi mabegani, lakini alipolivaa alisimama wima zaidi. Nimemwambia mfuko wa ndani una tundu, asiweke ufunguo humo. Msumari nimeuacha. Nimetundika mkoba wangu.

Lile sweta la chupa nimelifumua, nikaunganisha na uzi wa kijivu uliokuwa umebaki. Uliwahi kuniambia kwamba kile chumba chenu cha kuhifadhia dawa kina baridi inayouma, unaingia na kutoka unapuliza viganja. Basi fungua kifurushi.

Ndiyo, zina vidole. Vyote vitano, mkono wa kulia na wa kushoto. Nilikuwa nafika katikati ya viwili, nafunga mishono, nakata uzi, nasema haya, hapa panaachana, naanza kingine. Si kazi ya kuudhi kama nilivyokuwa nadhani. Kidole cha mwisho cha kushoto kimetoka kirefu kidogo, nivumilie, macho yalikuwa yameingia maji, na safari hii sisingizii mtandao.

Zivae, kisha nenda kwenye mlango wowote wenye kufuli. Nataka uniambie kama unaweza kugeuza ufunguo bila kuzivua.

Wifi yako,
Mama Sweta